Sesame Street: miezi tisa haikuwa tatizo

Tarehe 10 Novemba 2025, miaka 56 kamili tangu kirushwe hewani kwa mara ya kwanza, kipindi cha watoto cha Sesame Street kilianza msimu mpya kwenye Netflix, na siku hiyo hiyo kikaonekana bure katika vituo vya televisheni ya umma vya Marekani, vile vinavyojulikana kwa jina la PBS. Wengi walioizungumzia habari hiyo waliipokea kama kurudi nyumbani kwa mtoto aliyepotea: mwaka 2015 kipindi cha watoto maskini kiliuzwa kwa HBO, chaneli ya kulipia ya wenye uwezo, kikakaa huko miaka kumi, watazamaji wa PBS wakisubiri miezi tisa kuona sehemu mpya, na sasa kimekombolewa. Simulizi hiyo ni tamu, ila inatazama pasipo. Umma wa Marekani haukuporwa Sesame Street mwaka 2015. Ulikuwa umeacha kukigharamia miaka mingi kabla ya hapo, ukawaachia wanasesere wa madukani kazi ya kukilisha, na HBO ilipobisha hodi ilikuta nyumba haina mwenyewe. Kilichopotea katika mkataba ule ni mamlaka ya kuamua kama kipindi kiendelee au kisimame, na hilo halikupigiwa kelele hata robo ya ile iliyopigiwa miezi tisa ya kusubiri.

Turudi nyuma kidogo. Februari 1966, katika chakula cha jioni nyumbani kwa Joan Ganz Cooney jijini New York, Lloyd Morrisett wa taasisi ya Carnegie alisimulia jinsi alivyomkuta binti yake wa miaka mitatu ameketi mbele ya televisheni asubuhi na mapema, akikodolea macho picha ya majaribio ambayo vituo vya wakati ule viliionyesha kabla ya matangazo kuanza. Mtoto yule yule alikuwa amekariri nyimbo za matangazo ya biashara. Swali lililozaliwa mezani pale lilikuwa jepesi kulitamka: kama televisheni inaweza kumfundisha mtoto kuimba sifa za sabuni, itashindwaje kumfundisha herufi? Mwaka 1968 wawili hao waliunda shirika lisilo la faida, ambalo leo linaitwa Sesame Workshop, kwa takriban dola milioni 8 kutoka taasisi za Carnegie na Ford na serikali kuu ya Marekani. Walengwa walikuwa watoto wa mitaa ya kimaskini ya mijini waliokuwa wakiingia darasa la kwanza wakiwa tayari wameachwa nyuma na wenzao. Ndiyo maana jukwaa lilijengwa kama mtaa wao, lenye nyumba za matofali, pipa la taka na ngazi za mbele ambazo majirani hukaa kuzungumza. Msomaji wa mwambao atazitambua mara moja ngazi hizo: ni baraza. Na waandishi wa kipindi, kwa utani uliokuwa na shabaha, wakaazima hata lugha ya matangazo ya biashara, wakatangaza mwishoni mwa kipindi cha kwanza kwamba kimedhaminiwa na herufi W, S na E na tarakimu 2 na 3.

Ushahidi mzito kwamba kipindi hiki kilifanya kazi ulitolewa mwaka 2015, miezi michache tu kabla ya mkataba wa HBO, na wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine. Walitumia bahati nasibu ya kiufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya vituo vilirusha matangazo kwa masafa ya VHF, yaliyonaswa vyema na antena ya kawaida, na vingine kwa UHF, ambayo picha yake ilikuwa hafifu na seti nyingi za wakati huo hazikuipokea sawasawa. Kwa hiyo takriban theluthi mbili ya Wamarekani waliishi mahali ambapo kipindi kilionekana, na waliobaki hawakukiona ingawa hakikuwa na bei. Wachumi hao waligundua kwamba watoto wa maeneo yenye mawimbi mazuri walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa katika darasa linalolingana na umri wao, na nafuu hiyo ilijitokeza zaidi kwa wavulana, kwa watoto Weusi na kwa waliokulia maeneo yenye dhiki. Athari za ukubwani, kama vile mishahara, hazikuonekana wazi, na ni haki hilo lisemwe. Ninachoomba msomaji akishike kwa ajili ya mbele ni kwamba kilichowatenganisha watoto wale wa 1969 hakikuwa malipo ya mwezi. Kilikuwa mnara.

Sasa tuangalie nani alikuwa akilipa. Fedha za serikali zilizokianzisha kipindi hazikudumu, na kufikia miaka ya 1980 shirika lilikuwa likijiendesha kwa kiasi kikubwa kwa kuuza leseni za vitabu, nguo na wanasesere. Krismasi ya 1996 wazazi wa Marekani walisukumana madukani kumgombania Elmo, mwanasesere wa kipindi hicho, anayecheka akitekenywa. Kicheko kile, kwa maana halisi, kililipa mishahara ya waliokuwa wakiandika masomo ya herufi. Baadaye zikaja DVD. Kufikia mwaka 2015 ada iliyolipwa na PBS ilikuwa takriban asilimia 10 tu ya fedha za kuendeshea kipindi. Lakini siasa za Marekani ziliendelea kuzungumza kana kwamba Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano, anakula kodi ya wananchi. Mitt Romney alipokuwa akigombea urais mwaka 2012 alisema katika mdahalo kwamba anampenda Big Bird ila ataondoa ruzuku ya PBS, na wapinzani wake wakamjibu kwa kumtetea ndege huyo. Pande zote mbili zilibishania kitu ambacho kwa sehemu kubwa hakikuwapo. Wakati wao wakibishana, wazazi waliacha kununua DVD kwa sababu watoto walikuwa wameshahamia kwenye tableti na simu, na mwaka 2014 shirika likapata hasara ya takriban dola milioni 11.

Hapo ndipo HBO ilipoingia. Mkataba uliotangazwa Agosti 2015 ulikuwa wa misimu mitano. HBO ingelipia utengenezaji, ingeonyesha sehemu mpya kwanza, na baada ya miezi tisa PBS ingezipata bila kulipa senti. Sehemu mpya zingepanda kutoka 18 hadi 35 kwa mwaka. Takwimu hiyo ya 35 ilirudiwa sana na watetezi wa mkataba, lakini haikuwa na uzito iliyopewa, kwa sababu wakati huo huo kipindi kilifupishwa kutoka saa nzima hadi nusu saa. Sehemu 18 za saa moja ni saa 18. Sehemu 35 za nusu saa ni saa 17 na nusu. Ni kweli kwamba saa nzima ya zamani ilijazwa vipande vingi vya marudio, kwa hiyo kazi mpya huenda iliongezeka, lakini anayesema kwamba watoto walipata kipindi maradufu amehesabu pakiti bila kupima unga.

Upande wa wakosoaji, hoja iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya ubaguzi wa kitabaka: mtoto ambaye wazazi wake wanamudu karibu dola 15 kwa mwezi anaona leo, na mtoto wa jirani mwenye shida anaona baada ya miezi tisa. Ukiitazama kwa macho ya mtu mzima, hoja hii inauma. Ukiitazama kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu, inayeyuka. Mtoto huyo hajui sehemu ipi ni mpya. Herufi B haichachi ikikaa miezi tisa kabatini, na kuhesabu hadi kumi hakupitwi na wakati. Isitoshe, watoto wadogo hujifunza kwa kurudia, na PBS ilikuwa na hazina ya miongo zaidi ya minne ya kurudia. Mjukuu wa dada yangu alitazama katuni moja kwa wiki nzima, akitamka maneno kabla ya mhusika kuyatamka, na siku tuliyomwekea sehemu nyingine tukidhani tunamfurahisha alilia mpaka tukamrudishia ile ile. Pia haikuwa kweli kwamba kipindi kiliondoka PBS. Kiliendelea kurushwa kila siku ya juma, kwa wote, na mzazi ambaye hakusoma magazeti huenda hakujua kwamba kuna lolote lililobadilika.

Hoja yao ya pili ilikuwa na nguvu zaidi, ingawa haikuwa na takwimu. Ni hoja ya baraza. Mtaa ule ulijengwa ili ukae mahali ambapo mtoto wa tajiri na wa maskini wanakuta mlango mmoja, saa moja, wakisalimiwa na watu wale wale. Ukiweka foleni mbili, hata kama mwisho wa siku wote wanaingia, umesema jambo kuhusu nani ni mwenye nyumba na nani ni mgeni wa kusubirishwa. Siwezi kuibeza hoja hii, kwa sababu kipindi chenyewe ndicho kilichofundisha kwamba namna ya kupokeana ni sehemu ya somo. Hata hivyo haitoshi kuuhukumu mkataba peke yake. Shirika lililokuwa likipata hasara lilikuwa linachagua kati ya baraza yenye foleni mbili na baraza iliyofungwa, na waliolalamika hawakuwa wamejitokeza kupokezana gharama.

Watetezi nao walikuwa na hoja yao dhaifu kupita zote, na bado inasikika: kwamba haijalishi chaneli ipi inaonyesha nini, kwani vipande vya Sesame Street viko bure kwenye YouTube, na soko litampa kila mtoto anachohitaji. Wanaosema hivi wanahesabu intaneti kama hewa. Familia inayonunua data kwa kupima, au inayoishi kijiji ambacho kampuni za mawasiliano hazioni faida kupeleka nyaya, haiko kwenye soko hilo. Tena kipande cha dakika tatu kilichofuatwa na tangazo la peremende, kisha video nyingine iliyochaguliwa na mashine kwa lengo la kumzuia mtoto asiondoke, si somo lililopangwa na walimu na watafiti kwa mwaka mzima. Tukumbuke pia kwamba soko lilikuwa limeshapewa nafasi ya kutosha kabla ya 1969, na matokeo yake yalikuwa yule binti aliyekariri nyimbo za sabuni.

Basi kama miezi tisa haikuwa tatizo, tatizo lilikuwa wapi? Tazama yaliyompata mwenye pesa. Mwaka 2015 HBO ilikuwa mali ya Time Warner. Mwaka 2018 Time Warner ilinunuliwa na kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka 2019 makubaliano mapya yakakihamishia kipindi kwenye huduma ya mtandaoni ya HBO Max, iliyozinduliwa mwaka uliofuata. Mwaka 2022 AT&T ikaiachia biashara hiyo ikaunganishwa na kampuni ya televisheni ya Discovery. Ndani ya miaka saba mtaa ule ulipitia wenye nyumba watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kwa ajili ya herufi na tarakimu. Agosti 2022, katika kubana matumizi baada ya muungano huo, takriban sehemu 200 za Sesame Street, nyingi zikiwa za miaka ya zamani, ziliondolewa HBO Max bila mzazi yeyote kuulizwa. Desemba 2024 ikajulikana kwamba kampuni haitaendelea kugharamia misimu mipya, kwa kuwa vipindi vya watoto havikuwa tena kipaumbele chake. Miezi michache baadaye shirika likapunguza wafanyakazi. Hakuna uovu wowote katika hayo kwa mizania ya kibiashara. Kampuni ilifanya kile ambacho kampuni hufanya. Jambo la kutazama ni kwamba kufikia siku hiyo uhai wa kipindi cha umma ulikuwa unategemea mstari mmoja kwenye hesabu za kampuni iliyojaa madeni, na umma haukuwa na kiti kwenye kikao kilichoukata mstari huo.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito: je, serikali ni mwenye nyumba bora? Mwaka 1970 tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilipiga kura kukizuia Sesame Street kisionyeshwe, kwa sababu kilionyesha watu Weusi na Weupe wakiishi pamoja. Na mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa kwa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, hata lile shirika la kugawa fedha hizo, lililotokana na sheria ya mwaka 1967, likatangaza kwamba linafunga shughuli zake. Mtu anayeutaja mfuko wa umma kama kimbilio salama hana budi kuyatazama hayo mawili bila kupepesa macho. Mimi naona tofauti moja. Uamuzi wa Mississippi ulivuja, ukaandikwa magazetini, ukaleta aibu, na ukatenguliwa baada ya siku 22, kwa sababu tume ile ilikuwa na watu wa kuiwajibisha. Uamuzi wa 2025 haujatenguliwa, lakini majina ya waliopiga kura yanajulikana na mwananchi wa jimbo lolote anaweza kumuuliza mbunge wake swali. Aliyefuta sehemu 200 kwenye HBO Max hakuwa na wa kumjibu isipokuwa wanahisa wake, na ndivyo sheria inavyomtaka.

Suala hili si la Wamarekani peke yao. Sesame Workshop ndiyo iliyoshirikiana na watengenezaji wa Afrika Kusini kuanzisha Takalani Sesame mwaka 2000, kipindi ambacho miaka miwili baadaye kilimleta Kami, mwanasesere anayeishi na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo watu wazima wengi walikuwa bado wanalinong'ona jambo hilo. Kutoka humo kikatoka Kilimani Sesame, kilichowafikia watoto wa Tanzania kwa Kiswahili, wanasesere wale wale wakizungumza juu ya afya kwa lugha ya nyumbani. Kazi ya namna hiyo hutegemea fedha za wafadhili, lakini pia hutegemea kuwapo kwa shirika lenyewe, lenye waandishi, watafiti na kumbukumbu zake. Shirika likiyumba New York, Dar es Salaam haipati taarifa. Kipindi hakirudi tu. Na mzazi wa huku, ambaye amezoea kuona kioo kikimwandikia kwamba kifurushi kimekwisha, hahitaji kufafanuliwa maana ya chaneli ya kulipia.

Tukirudi kwenye mkataba wa sasa, kwa maandishi ni bora kuliko ule wa HBO. Foleni mbili zimeondolewa: siku inayoonyeshwa Netflix ndiyo siku inayoonyeshwa PBS. Hoja ya baraza imejibiwa, na waliopiga kelele kwa miaka kumi wana haki ya kufurahi. Lakini mwenye pesa bado ni kampuni, tena kubwa kuliko ile ya kwanza, na siku hesabu zake zitakapobadilika hakuna mwananchi atakayeitwa kikaoni. Tungepaswa kuuliza mambo ambayo mwaka 2015 hayakuulizwa vya kutosha. Hazina ya zamani ni ya nani, na nani anaweza kuifungia? Mfadhili akijitoa, umma unapewa notisi ya muda gani? Na PBS inaweza kuendelea kuonyesha sehemu ilizokwisha kupokea kwa miaka mingapi? Haya ni maswali makavu ya mikataba, hayauzi gazeti kama picha ya Elmo nyuma ya geti la HBO, lakini ndiyo yanayoamua.

Kisha kuna mnara. Fedha zilizofutwa mwaka 2025 kwa sehemu kubwa hazikuwa za Big Bird wala za makao makuu ya PBS. Zaidi ya theluthi mbili zilikuwa zikienda kwenye vituo vya mitaani, vya redio na televisheni, kuwalipa mafundi na kuendesha mitambo. Kituo cha jiji kubwa kina matajiri wa kukichangia na kitajikongoja. Kituo cha mashambani, au cha maeneo ya wenyeji wa asili wa Marekani, chenye watazamaji wachache na wafadhili wachache zaidi, ndicho kilichokuwa kikitegemea fedha hizo kwa sehemu kubwa ya bajeti yake, na ndicho kinachohudumia nyumba ambazo intaneti yake ni ya kubahatisha. Netflix inaweza kutimiza kila kifungu cha ahadi yake, ikaiachia PBS kila sehemu mpya saa ile ile, na bado katika kaunti fulani antena isinase kitu kwa sababu aliyekuwa akiutunza mtambo ameshaachishwa kazi. Kearney na Levine walilazimika kurudi kwenye ramani za mawimbi za miaka ya 1960 ili wapate watoto waliokosa kipindi kilichokuwa bure. Mchumi atakayetaka kurudia utafiti wao miaka ishirini ijayo huenda akatumia ramani ya vituo vitakavyozimwa kuanzia sasa.